Shule za Waadventista Pwani: Kabla ya kununua kompyuta

Na Mwandishi Wetu, Bagamoyo

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Bagamoyo hawezi kuyakosa mabango ya shule. Kuanzia Tegeta na Bunju, kupita Mapinga, Kerege na Zinga, barabara imepambwa kwa picha za wanafunzi wenye sare safi, na chini yake yameandikwa yale ambayo mzazi wa mjini anatarajiwa kuyataka: mabweni, mabasi, Kiingereza na maabara ya kompyuta.

Hiyo maabara ya kompyuta ndiyo kiini cha makala hii. Katika ukanda huu wa pwani imekuwa sehemu ya biashara ya elimu, na shule isiyoitangaza inaonekana imebaki nyuma. Kwa shule za mashirika ya dini, ambazo nyingi hazina mtaji wa kushindana na shule kubwa binafsi, shinikizo hilo ni zito zaidi.

Miongoni mwa mashirika hayo ni Kanisa la Waadventista Wasabato, ambalo duniani kote linaendesha shule na vyuo zaidi ya 9,000 vyenye wanafunzi takriban milioni mbili. Hapa nchini mlolongo wake unaanzia madarasa ya awali hadi Chuo Kikuu cha Arusha kilichopo Usa River. Kanisa lenye mtandao wa namna hiyo linapofikiria teknolojia ya elimu halina budi kujiuliza kama litapanga kama mtandao mmoja, au kila mkuu wa shule ataachiwa atafute wafadhili wake na kompyuta zake.

Hadi sasa utaratibu uliozoeleka katika shule nyingi za dini nchini, si za Wasabato peke yao, ni huo wa pili. Rafiki wa kanisa aliye nje ya nchi hutuma kontena. Ndani yake mna kompyuta zilizokwisha kutumika maofisini Ulaya au Marekani. Hufanyika sherehe, utepe hukatwa, picha hupigwa. Miaka mitatu baadaye nusu ya mashine hazifanyi kazi, mwalimu aliyekuwa akizijua amekwenda kwingine, na chumba kimefungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja.

Wasabato wana sababu ya kufanya vizuri zaidi ya hapo, na sababu hiyo iko katika historia yao wenyewe.

Wamisionari wa kwanza wa kanisa hilo katika nchi hii, Wajerumani Johannes Ehlers na A. C. Enns, waliingia Upareni Novemba 1903 na kuanzisha kituo cha kwanza huko Giti. Mwaka huo huo wa 1903 ndipo kilipochapishwa Marekani kitabu cha Ellen White kuhusu elimu, ambacho hadi leo ndicho msingi wa falsafa ya shule za kanisa hilo. Fundisho lake kuu ni kwamba elimu ni ya akili, moyo na mikono kwa pamoja. Ndiyo maana katika shule za Wasabato shamba, karakana na jiko vilihesabiwa kuwa sehemu ya somo tangu mwanzo.

Jambo la pili halikumbukwi sana. Kanisa hili lilitumia teknolojia kwa pamoja muda mrefu kabla ya kompyuta. Kiwanda cha uchapaji cha Gendia, karibu na Kendu Bay nchini Kenya, kilianza katika miaka ya 1910 na kikawa chanzo cha vitabu na majarida kwa vituo vingi vya misheni. Hakuna aliyependekeza kila kituo kinunue mashine yake ya kuchapa. Baadaye yakaja masomo ya Biblia kwa njia ya posta, yaliyojulikana kwa jina la Sauti ya Unabii. Mwanafunzi alipokea somo kwa barua, akajibu maswali, akarudisha, akasahihishiwa na kutumiwa somo linalofuata. Hiyo ni elimu ya masafa kwa maana kamili ya neno hilo, na nguvu yake ilikuwa kwamba upande wa pili alikuwapo mtu wa kusahihisha.

Katika pwani, hata hivyo, kanisa hili halina mizizi mirefu kama Upareni au Mara. Bagamoyo ni mji ambao Mapadri wa Roho Mtakatifu walijenga misheni yao ya Kikatoliki mwaka 1868, wakiwafundisha watoto waliokombolewa utumwani kusoma na ufundi wa mikono. Wakazi wa ukanda huu kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Shule ya Wasabato inayojengwa hapa haiwezi kutegemea watoto wa waumini wake peke yao ili ijaze madarasa. (Kuna urahisi mmoja ambao wageni hawautambui: mzazi Mwislamu anayempeleka mwanawe bweni la Wasabato hana haja ya kuuliza habari za nyama ya nguruwe wala pombe.)

Maana yake kwa mpango wa teknolojia ni kwamba idadi ya wanafunzi katika kila shule ya kanisa hapa ni ndogo na ada ndiyo tegemeo. Shule ndogo haiwezi kumlipa fundi wa kompyuta mshahara wa mwezi mzima. Haiwezi pia kununua seva, betri za sola na leseni za programu peke yake. Lakini shule tano au sita zilizo chini ya mmiliki mmoja zinaweza.

Katika mazungumzo mengi juu ya kompyuta shuleni, mjadala huanzia kwenye aina ya mashine. Je, zinunuliwe kompyuta za mezani, kompyuta mpakato au vishikwambi? Swali hilo linapaswa kuwa la mwisho. Ushahidi wa hilo uko kaskazini mwa Bagamoyo, katika Mkoa wa Tanga.

Kati ya mwishoni mwa 2017 na mapema 2019, vijiji 170 vya mkoa huo, vikiwamo vya wilaya za Pangani, Muheza na Mkinga, vilikuwa uwanja wa majaribio ya shindano la kimataifa lililojulikana kama Global Learning XPRIZE. Fedha zake zilitolewa na tajiri wa Marekani Elon Musk, vishikwambi vilitolewa na kampuni ya Google, na usimamizi ulifanywa kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto takriban 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu. Asilimia 74 kati yao waliripotiwa kuwa hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilipungua kwa nusu. Mei 2019, timu mbili, Kitkit School na onebillion, zilitangazwa kuwa washindi na kugawana Dola milioni 10 za Marekani.

Matokeo hayo yalitangazwa kwa shangwe, na kwa haki. Lakini anayepanga kwa ajili ya shule za kanisa anapaswa kuyasoma kwa pande zote mbili. Upande wa kwanza, programu nzuri ya Kiswahili inaweza kumsaidia mtoto hata pale ambapo hakuna mwalimu. Upande wa pili, hata baada ya miezi 15 na fedha zote hizo, nusu nyingine ya watoto walikuwa bado. Na kishikwambi hakikujiendesha chenyewe. Katika vijiji hivyo vilijengwa vituo vya kuchajia kwa nishati ya jua, na walikuwapo wasimamizi wa hapo hapo kijijini wa kuangalia vifaa. Gharama ya kifaa ilibebwa na mfadhili, na gharama ya kukifanya kifanye kazi kila siku ilibebwa pia na mfadhili. Shule ya ada haina mfadhili huyo.

Jambo jingine la kuzingatia ni kwamba programu zilizoshiriki fainali zilitolewa wazi kwa umma, msimbo wake ukiwa huru kutumiwa na yeyote. Shule ya awali ya kanisa, iwe Bagamoyo au Pangani, inaweza kuanza nazo bila kulipa leseni. Ni hazina iliyoachwa mlangoni kwetu, na inashangaza ni shule chache kiasi gani za ukanda huu zinazoizungumzia.

Tanga haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 2007 ulianzishwa mradi wa Elimu kwa Teknolojia, ambao kimataifa uliitwa BridgeIT. Katika mradi huo walimu wa shule za msingi zipatazo 150 walitumia simu za mkononi kupakua vipindi vya video na kuvionyesha darasani kwa televisheni. Wazo lilikuwa zuri, kwa sababu simu ilikuwa kitu ambacho mwalimu alikwisha kukizoea. Hata hivyo, fedha za wafadhili zilipofika mwisho, mradi haukuenea nchi nzima.

Tukirudi nyuma zaidi tunakutana na mfano ambao haukuwa na kompyuta wala simu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima takriban milioni mbili kwa redio na vitabu vidogo. Siri yake haikuwa redio. Kabla ya kipindi cha kwanza kurushwa, walifundishwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, ambao kazi yao ilikuwa kukaa na wananchi, kusikiliza pamoja, kujadili na kuamua la kufanya, kama vile kuchimba choo au kufyeka nyasi kuzunguka nyumba. Chombo kilikuwa cha bei nafuu na maandalizi ya watu ndiyo yaliyochukua nguvu. Katika maabara nyingi za kompyuta za leo mambo yamegeuzwa juu chini.

Sasa tuje kwenye hesabu, kwa kuwa bodi za shule huamua kwa hesabu.

Kompyuta ya mezani ya zamani pamoja na kioo chake hula umeme wa wati 150 hivi. Maabara yenye kompyuta 20 za aina hiyo inahitaji wati 3,000. Zikitumika saa nne kwa siku, siku 20 kwa mwezi, ni uniti 240. Ukichukua bei ya kama Sh350 kwa uniti, shule italipa Sh84,000 kila mwezi kwa chumba kimoja, bila kuhesabu feni wala taa. Kompyuta ndogo za kisasa, za ukubwa wa kiganja, zikiunganishwa na vioo vyembamba, hula wati 25 hivi kila moja. Maabara ya kompyuta 20 kama hizo itatumia uniti 40 kwa mwezi, yaani Sh14,000.

Tofauti hiyo ya Sh70,000 kwa mwezi ni Sh840,000 kwa mwaka. Kontena la bure, kwa maneno mengine, si la bure.

Hesabu hiyo ina uzito zaidi pale umeme wa TANESCO unapokatika. Mzigo wa wati 500 unaweza kubebwa na paneli chache za sola na betri za kiasi. Mzigo wa wati 3,000 unahitaji mtambo ambao shule ndogo haiwezi kuununua. Katika Wilaya ya Karatu mkoani Arusha, taasisi ya Powering Potential ilikwisha kuonyesha njia hiyo: kompyuta ndogo zinazoendeshwa kwa nishati ya jua, zikiwa na maktaba ya masomo iliyohifadhiwa ndani ya seva ya shule.

Pwani inaongeza tatizo lake. Hewa yenye chumvi na unyevunyevu hula vyuma, hupandisha kutu kwenye soketi na kuharibu mashine zenye feni zinazovuta hewa ya nje siku nzima. Kompyuta isiyo na feni, iliyofunikwa vizuri, huishi zaidi Bagamoyo kuliko kompyuta kubwa yenye nguvu ambayo ingedumu Arusha bila shida. Ni jambo dogo, lakini halimo katika orodha za manunuzi zinazoandaliwa na ofisi iliyo mbali na bahari.

Kuhusu intaneti, hali imebadilika sana tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam Julai 2009, ukifuatiwa na EASSy mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na bei yake haikuwa ya shule. Leo mawimbi ya simu yanafika sehemu kubwa ya barabara ya Bagamoyo.

Hata hivyo, matukio mawili ya karibuni yanapaswa kuandikwa katika ukurasa wa kwanza wa mpango wowote. Mei 12, 2024, hitilafu katika mikongo ya EASSy na SEACOM, upande wa kusini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, iliidhoofisha intaneti ya Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Na Oktoba 29, 2025, siku ya Uchaguzi Mkuu, intaneti ilizimwa nchi nzima na huduma haikurejea kwa siku kadhaa. Bila kuingia katika mjadala wa sababu, ukweli kwa mwalimu ni kwamba somo lililohifadhiwa kwenye seva ya mbali halikuwapo siku hizo, na lililohifadhiwa ndani ya uzio wa shule lilikuwapo.

Kwa hiyo mtandao wa shule za kanisa unapaswa kuanza na maktaba ya ndani. Zipo programu za bure zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, kama Kolibri na Kiwix, ambazo huruhusu kompyuta moja kuhifadhi maelfu ya masomo na kuzigawia kompyuta nyingine za darasani bila intaneti. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka katika maktaba mtandao yake, na ruhusa ya kuvihifadhi kwenye seva za shule ni jambo ambalo ofisi moja ya elimu ya kanisa inaweza kuliomba kwa maandishi kwa niaba ya shule zote. Mkuu wa shule mmoja akiomba peke yake, barua yake itasubiri sana.

Hapo ndipo uzito wa mtandao unapoonekana. Maktaba ikiandaliwa mara moja, inanakiliwa kwenye diski na kupelekwa kila shule. Shule zikitumia aina moja ya kompyuta, vipuri vya moja vinaingia nyingine, na fundi mmoja mwenye pikipiki anaweza kuzunguka kutoka Bunju hadi Bagamoyo kwa ratiba ya wiki. Kila shule ikiwa na misaada yake ya aina tofauti, fundi huyo hawezi kufanya kitu.

Ugumu wa jambo hili hauko katika teknolojia. Uko katika madaraka. Mkuu wa shule aliyepata rafiki wa kumtumia kompyuta 30 hatafurahi kuambiwa na konferensi kwamba asizipokee kwa kuwa hazilingani na mpango. Na mfadhili naye anapenda shule aliyoitembelea, haipendi "ofisi ya elimu". Kanisa la Waadventista lina ngazi zake, kutoka kanisa mahalia hadi konferensi, unioni na divisheni yenye makao Nairobi, na kila ngazi ina bodi na mkurugenzi wa elimu. Ngazi hizo zingeweza kuwa faida. Zinaweza pia kuwa mahali ambapo mpango hulala miaka miwili ukisubiri kikao.

Tangu mwaka 2013, kazi ya kanisa hilo nchini imegawanywa katika unioni mbili, ya kaskazini yenye makao Arusha na ya kusini yenye makao Dar es Salaam. Shule nyingi kongwe, zikiwamo Parane na Suji za Upareni, ziko kaskazini. Pwani iko upande wa kusini. Shule za ukanda wa Bagamoyo zinahitaji uzoefu wa zile kongwe, lakini uzoefu huo uko upande wa pili wa mpaka wa kiutawala. Viongozi wa pande mbili wakikaa pamoja, hilo si tatizo. Wasipokaa, pwani itaanza upya mambo ambayo wenzao walikwisha kuyajaribu.

Aidha, viongozi wa ngazi za juu huchaguliwa kwa vipindi vya miaka mitano. Betri ya sola na kompyuta navyo huchoka ndani ya muda unaokaribiana na huo. Ni rahisi mtangulizi akapata sifa ya kununua, na mrithi wake akabaki na lawama ya vifaa vilivyokufa. Dawa yake ni mfuko wa kubadilishia vifaa, unaochangiwa kila muhula na kila shule kwa kiwango kidogo kilichowekwa kwa kila mwanafunzi, na usioguswa kwa kazi nyingine. Zaka, kwa utaratibu wa kanisa hilo, ni kwa ajili ya kazi ya injili na haikusudiwi kununulia vifaa vya shule. Hivyo chanzo kinabaki kuwa ada na sadaka, na mzazi ana haki ya kuambiwa wazi ni shilingi ngapi katika ada yake inakwenda huko.

Suala la walimu ndilo ambalo mwandishi wa makala hii analiona kuwa zito kuliko yote. Baada ya Sensa ya Agosti 2022, Serikali iligawa vishikwambi zaidi ya laki mbili vilivyotumika kuhesabia watu, sehemu kubwa kwa walimu wa shule za umma. Mwalimu wa shule ya kanisa hakuwamo katika mgao huo. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote nao, unaopeleka kompyuta shuleni, walengwa wake wakuu ni shule za umma. Shule za dini, ambazo miaka ya nyuma ndizo zilikuwa mbele kwa vifaa, zinaweza kujikuta walimu wake wana mazoea machache ya teknolojia kuliko wenzao wa shule ya kata iliyo jirani.

Zaidi ya hapo, kila Serikali inapotangaza ajira za walimu, shule binafsi na za dini hupoteza watu. Mwalimu kijana huacha kazi katikati ya mwaka kufuata usalama wa ajira na pensheni, na hakuna wa kumlaumu. Kama ni yeye peke yake aliyejua kuendesha seva, seva imekufa. Kwa hiyo mpango unaomsomesha "mwalimu mmoja wa kompyuta" kila shule ni mpango dhaifu hata kabla haujaanza. Wafundishwe walimu wa hisabati, Kiswahili, biolojia na Biblia, kila mmoja kwa somo lake, na taratibu zote ziandikwe kwenye daftari linalobaki shuleni.

Kwa shule za Bagamoyo kuna jirani ambaye ni ajabu kutomtumia. Wakala wa Maendeleo ya Uongozi wa Elimu, ADEM, makao yake yako hapa hapa mjini. Kazi yake ni kuwafundisha wakuu wa shule, walimu wakuu na wathibiti ubora namna ya kuendesha shule. Mkuu wa shule anayejua kutengeneza bajeti ya matengenezo na kusoma takwimu za mahudhurio ana thamani kubwa kwa mpango wa teknolojia kuliko kompyuta kumi mpya, na masomo hayo hayahitaji nauli ya kwenda Dodoma.

Kuna mambo ambayo ni ya Wasabato peke yao. Tangu jua linapozama Ijumaa hadi linapozama Jumamosi, kazi husimama. Mafundi wa kompyuta duniani kote wamezoea kufanya matengenezo makubwa mwisho wa wiki, wakati watumiaji hawapo. Hapa siku hiyo itakuwa Jumapili, na mkataba wowote na kampuni ya nje lazima useme hivyo. Vivyo hivyo usajili wa watahiniwa na taarifa za wanafunzi kwenye mifumo ya Baraza la Mitihani: mhasibu anayesubiri Ijumaa jioni ya mwisho anajitafutia matatizo na dhamiri yake.

Jingine ni uchujaji wa maudhui. Wazazi wa shule hizi, Wakristo kwa Waislamu, watauliza mtoto ataona nini kwenye kioo. Maktaba ya ndani inajibu sehemu kubwa ya swali hilo. Sheria nayo inauliza swali lake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili na azilinde, na picha, matokeo na namba za simu za wazazi ni taarifa hizo. Mkurugenzi wa elimu wa konferensi anaweza kulishughulikia kwa shule zote kwa mara moja.

Fursa kubwa zaidi imekuja kutoka mahali ambapo haikutarajiwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan jijini Dodoma mapema mwaka 2025, pamoja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024, imeleta mkondo wa amali katika sekondari kando ya mkondo wa elimu ya jumla. Kilimo, ufundi, upishi na teknolojia ya habari sasa vina nafasi rasmi darasani. Kwa kanisa ambalo tangu Giti limekuwa likisema mikono nayo isomeshwe, huu si ugeni. Kompyuta katika shule ya amali haina haja ya kuwa chumba cha kujifunza kuandika barua. Inaweza kuhesabu mayai ya banda la kuku, kupima maji ya bustani na kutunza daftari la duka la shule.

Muda wa kuamua haujawa mrefu. Chini ya mitaala hiyo, mwaka 2027 wahitimu wa darasa la saba wa mwisho watamaliza pamoja na wa kwanza wa darasa la sita, na Januari 2028 makundi hayo mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Shule za Serikali hazitaweza kuwabeba wote bila msongamano, na wazazi wa Dar es Salaam watazitazama tena shule za barabara ya Bagamoyo. Shule inayotaka kuwapokea inapaswa iwe imeamua aina ya kompyuta, fundi, mfuko wa matengenezo na mafunzo ya walimu katika bajeti ya mwaka 2027, ambayo bodi nyingi huipitisha kabla ya shule kufungwa Desemba 2026.